Mhudumu wa Meza Namba Tisa

"Mhudumu! Maji ya kunawa huku!"

Nikageuka na birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani. Meza namba tisa walikuwa watatu: mzee mwenye kofia ya kiua, mama wa makamo aliyejitanda khanga, na Seifu. Ndiyo, Seifu wangu, mchumba wangu, ambaye asubuhi ile ile alinitumia meseji: "Mama kaahirisha safari, hajatoka Tanga. Tutapanga siku nyingine."

Tanga gani tena, na mama mwenyewe, ninayemjua kwa picha, huyu hapa anapandisha mikono ya gauni anawe?

Seifu aliponiona akainamia menyu kama mtu anayesoma mkataba.

Nisikilizeni. Nasoma famasia mwaka wa pili, na zamu za mchana hapa kwa Bi Badria, Kariakoo, nazifanya kwa raha zangu. Nilipoanza chuo nilikuwa natetemeka kusimama mbele ya darasa. Leo nabeba oda za meza nane kichwani bila kalamu, majina ya dawa yatanishindaje? Chakula nakula, wiki ya mitihani napewa ruhusa, na sijawahi kumwomba Seifu hata vocha. Yeye ndiye kazi hii ilimkera. "Wenzangu ofisini wakikuona na sinia nitaficha wapi uso?" aliwahi kuniambia, nikadhani utani.

Niliwaamkia kwa sauti ya chini, kelele za barabarani zikaimeza. Nikaanza kumnawisha mzee. Faida nyingine ya kazi hii: watu hawanyamazi mbele ya mhudumu.

"Shemeji, mimi nimechoka," mzee akamwambia yule mama. "Huyo binti kaitwa mara tatu aje kujitambulisha, mara tatu hayupo. Mara mtihani, mara yuko Dodoma. Posa gani hii?"

"Kwenye simu ni mtoto mwenye adabu, shemeji."

"Adabu ya simu! Tukitoka hapa tunaifuta. Au Seifu una la kusema?"

Nilikuwa nimefika kwake. Mikono yake ilikuwa juu ya beseni langu. Nikasubiri.

"Mimi nilimwambia, baba mdogo," akasema bila kuinua macho. "Yeye ndiye hakutaka kuja."

Mara tatu! Sikuwahi kuitwa hata mara moja; kila mara naambiwa mama kaahirisha safari. Maji yakaenda mpaka kwenye kiwiko cha shati lake jeupe, na sikuomba samahani.

Nilipofika dirisha la jikoni simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni.

"Zena nakuomba. Usijitambulishe. Mpe mwenzako hii meza. Jioni nitakueleza kila kitu."

Moyo uliniuma, sitawaficha. Miaka miwili ya mapenzi, leo naambiwa nijifiche kama mwizi.

Mhudumu mwenzangu Fikirini akaniona nimeganda. "Dada, vipi? Nikuchukulie tisa?"

Nilikuwa na sekunde chache tu. Nikimpa, posa inafutwa na mimi ndiye niliyedharau wakwe. Nikirudi, huenda nikafukuzwa kama mhudumu na kama mchumba siku moja.

"Tisa ni yangu," nikasema.

Nikasimama mbele yao. Mzee akataka pilau ya ng'ombe na juisi ya ukwaju. Mama akataka wali wa nazi, samaki wa kupaka na kachumbari. Seifu akasema, "Chochote."

Kwa Bi Badria lazima umrudishie mteja oda yake, kwa sauti ya kusikika. Nikavuta pumzi.

"Kwa hiyo, pilau ya ng'ombe na ukwaju kwa mzee. Wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa mama, kachumbari isiwekwe chumvi. Nimesahau kitu, mama?"

"Nani kakwambia habari za chumvi?" mzee akashangaa.

Mama aliniangalia usoni, khanga ikamshuka begani asiirudishe. Kila Ijumaa mama huyu hunipigia kuniuliza habari za presha yake, za posa tunawaachia wakubwa, na kila Ijumaa namrudishia yote moja moja, kidonge cha asubuhi, chumvi kidogo, mpaka namalizia: nimesahau kitu, mama?

"Zena?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamgeukia mwanawe. "Seifu. Dodoma ndiyo hapa?"

"Mama, nitakueleza..."

"Umemwita mara ngapi mtoto huyu?"

Meza ya jirani waliacha kutafuna.

"Mama kakuuliza," nikasema. "Mjibu."

"Sikumwita," akasema Seifu. "Niliona aibu. Niliogopa mseme naoa mhudumu."

"Aibu!" Mama akacheka, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mwenzio anasoma, anafanya kazi, na presha yangu anaijua kuliko wewe. Shemeji, bado unafuta?"

Baba mdogo alivua kofia, akaivaa tena. "Nilikuwa nataka kumwona. Nimemwona. Ni mtoto kasimama imara. Sasa aseme mwenyewe, huyu bado anamtaka?"

Wote wakanitazama. Nilitamani kulia na nilitamani kumwagia beseni zima.

"Mzee, niko kazini mpaka saa kumi," nikasema. "Anayetaka jibu langu asubiri."

Wakala, wakaondoka wakinishika mkono. Seifu alibaki. Saa nane, saa tisa, yupo, mbele yake soda iliyoisha baridi. Saa kumi kasoro nikiwa nafuta meza ya mlangoni, wakaingia vijana wawili wa ofisini kwake, vitambulisho vya benki shingoni.

"Seifu! Mambo! Unamsubiri nani hapa peke yako?"

Nilisimamisha kitambaa.

Akasimama. "Namsubiri mchumba wangu. Yule pale anayefuta meza. Anaitwa Zena."

Alisema kwa sauti, mpaka Bi Badria akatoa kichwa jikoni.

Nikavua aproni, nikaenda kukaa meza namba tisa kama mteja. Seifu akachukua birika na beseni kutoka kwa Fikirini, akainama mbele yangu.

"Nisamehe, Zena. Nikunawishe?"

Kisha nikamnyooshea mkono mmoja, wa kulia.

"Na huu mwingine?"

"Huo," nikamwambia, "utaupata ukishamwambia mama yako ukweli wa zile mara tatu zote, moja moja. Mwaga maji."