Bustani Isiyo na Mlango

Haya yalimpata baba mdogo, mume wa mama yangu mdogo, nami nilikuwepo. Asiyeamini shauri yake.

Mama mdogo alikuwa amepasuliwa tumbo, na daktari alituambia wazi kwamba siku ile ndiyo ya kuamua, kupona au kutopona. Walimlaza kwenye jengo jipya, lililobuniwa na watu wanaosema mgonjwa akiona kijani hupona upesi. Madirisha yalishuka hadi usawa wa kitanda. Katikati kulikuwa na bustani yenye benchi moja, imezungukwa na vioo pande zote, haina mlango. Mtunza bustani alikuwa akishuka kwa ngazi kutoka kwenye paa.

Ajabu ni kwamba wauguzi walikuwa wamevigeuza vitanda vyote vielekee ukutani.

"Kwa hiyo tumeletwa kutazama rangi ya ukuta?" baba mdogo akafoka, akakizungusha kitanda mwenyewe. Alikuwa mtu wa mizaha isiyokwisha, lakini kwa mkewe hasikii wala haambiwi.

Mchana, jua likiwaka, mama mdogo akatabasamu.

"Yule mama kwenye benchi ananiita."

Tulitazama. Benchi lilikuwa tupu.

Muuguzi aliingia, akaona kitanda, akakikimbilia. "Nani amemgeuza?" akanong'ona. "Wakishaitwa, hatuwapati tena."

Akakigeuza haraka. Haikusaidia. Mama mdogo alikuwa anavuta pumzi moja moja, kwa shida.

Baba mdogo akasogeza kiti hadi kwenye kioo, akaketi. Alikuwa amejaa hofu, lakini akajaribu kucheka, akiliambia benchi tupu.

"Dada, huyu ana mshono, hawezi kutembea. Nichukue mimi. Angalau napiga soga."

Nilijua anatania. Kisha nikaona macho yake yanafuata kitu. Taratibu. Kutoka kwenye benchi hadi kwenye kioo.

"Haya," akasema. "Nakuja."

Pumzi za mama mdogo zikatulia. Za baba mdogo zikakatika. Palepale, ameketi. Nililia hadi sauti ikakauka.

Tulipomlaza ndipo tukaona yuko pekupeku. Tulitafuta viatu chini ya kitanda, kabatini, koridoni. Muuguzi akanigusa bega, akanionyesha nje.

Vilikuwa chini ya benchi, vimepangwa vizuri, soksi ndani.

Mama mdogo alipona. Mtunza bustani hataki tena kushuka. Mvua za msimu mzima zimevinyeshea viatu vile, na bado vinang'aa kama vimetoka kupigwa rangi.