Deraya ya Koplo Kalinga

Deraya ilinyanyua mkono wake wa kulia, ikalenga, na nyuki-chuma watatu wa adui wakaanguka kwenye vumbi jekundu la Mirihi kabla hawajavuka bonde.

"Umeona, Mngoni?" ikasema kwa sauti ya Koplo Kalinga. "Babu zako wangekuwa na shabaha hii wasingetukimbia."

"Waliokimbia ni nyinyi Wahehe," akajibu Sajini Leokadia Gama. "Mlikimbia mpaka mkasahau vyungu jikoni."

Ndani ya deraya hiyo hamkuwa na mtu. Nikodemu Kalinga alikuwa amekufa miezi minane iliyopita, na kaburi lake la mawe lilikuwa hapohapo kilimani.

Deraya-akili ni vazi la chuma linalojifunza kwa anayelivaa: anavyolenga, anavyotembea, hata anavyocheka. Akifa, linaendelea kupigana lenyewe. Ndivyo vita hivi vya tatu vya Mirihi vilivyokwenda, watu wakipungua na chuma kikibaki. Na ili adui asipate njia ya kuizima, mafundi waliifunga hivi: izimwe na mwenyewe, au ikubali yenyewe kwamba mwenyewe amefariki. Basi.

Kikosi kilianza na watu ishirini na wawili. Sasa kilimani alikuwepo Leokadia, na sauti hiyo.

Asubuhi hiyo Luteni Msofe aliita redioni kutoka kambi kuu.

"Sajini, vita vimekwisha. Mkataba umetiwa saini. Saa sita watu wao watapita bonde hilo wakirudi kwao, hawana silaha. Wana majeruhi, wana watoto. Zima hiyo deraya."

"Haikubali, afande. Nimeionyesha hadi kaburi."

"Basi ivunje."

"Kwa bunduki gani, afande? Bunduki iliyobaki ndiyo hiyo yenyewe."

"Fanya unavyojua. Ikifyatua risasi moja, vita vinaanza upya."

Leokadia akaigeukia deraya. "Kalinga amekufa. Nimeshakwambia."

"Acha uongo, mtani. Mhehe azikwe, Mngoni yupo, halafu asifanye fujo kaburini? Kalinga hakunifundisha hivyo."

Zamani sana Wangoni na Wahehe walipigana, na vita vilipoisha wakawa watani. Tangu hapo, kwenye msiba, mtani ndiye anayelala kaburini kuzuia maziko, anamsema marehemu, anadai vitu, mpaka wafiwa wanacheka huku wanalia. Siku ya kumzika Kalinga, Leokadia hakufanya hata kimoja. Alilia tu. Majonzi yalimlemea, ni kweli. Lakini kufikia wiki ya pili alishaelewa deraya inangoja nini, na akanyamaza makusudi. Maana akifanya utani huo deraya ikazimika, nani angemwamsha tena asubuhi kwa kumtukana?

Saa sita kasorobo mstari wa watu ukatokea bondeni. Mbele walikuwa wawili wamebeba machela, nyuma yao mwanamke na mtoto mgongoni, ndani ya vazi moja la hewa.

Mkono wa deraya ukaanza kupanda.

Leokadia akakimbia, akajitupa juu ya mawe ya kaburi kifudifudi.

"Hazikwi mtu hapa!" akapiga kelele kwenye redio ya kofia. "Kalinga mvivu huyu! Anakoroma mpaka rada inashtuka! Kupika hajui, uji wake tulizibia matundu ya hema! Na kaazima soksi zangu za sufu, kafa nazo! Sitoki hapa mpaka nipewe soksi zangu!"

Deraya ikacheka. Ikacheka kile kicheko cha Kalinga cha kukatikakatika, mpaka na Leokadia akacheka, kioo cha kofia kikajaa ukungu.

"Kumbe ni kweli," ikasema.

"Ni kweli, mtani."

"Umechelewa."

"Nilikuwa nakuhitaji."

Mkono wa deraya ukashuka polepole, na taa ya kifuani ikafifia mpaka ikazimika.

Bondeni watu waliendelea kupita. Hakuna aliyeangalia juu. Ilichukua muda mrefu mpaka wa mwisho, mzee mwenye fimbo ya bati, akapotea nyuma ya mwamba.

Redio ikaita.

"Hongera, Sajini!" Luteni Msofe alikuwa karibu kuimba. "Tunaleta gari liwachukue. Mko wangapi hapo?"

Leokadia akaketi juu ya mawe, akaangalia huku na huku, kana kwamba kulikuwa na wa kuhesabu.

"Leteni gari dogo, afande," akasema.