Nyuzi Thelathini na Tatu

Kila siku ya shule, saa tisa alasiri kengele ilipolia, wanafunzi wengi walikimbilia kiwanjani. Nyabate, Waringa na Kepher walielekea upande mwingine, nyuma ya madarasa, palipokuwa na kisanduku cheupe juu ya nguzo. Ndani ya kisanduku hicho mlikuwa na kipimajoto.

Kipimajoto kilikuwa cha Waringa. Mjomba wake alikitumia zamani katika kibanda cha vifaranga, na alipoacha kufuga kuku akampa yeye. Watoto hao watatu, wote wa Gredi ya Sita, waliunda kisanduku kwa mbao za kreti za nyanya. Waliacha nafasi za hewa kupita, kisha wakakipaka rangi nyeupe ili jua lisikipashe moto. Kando yake waliweka chupa iliyokatwa shingo ya kupimia mvua. Waliyoyaona waliyaandika katika daftari: joto, mvua, upepo ulikotoka na mawingu yalivyokuwa. Hakuna mwalimu aliyewatuma. Walipenda tu. Wenzao waliwaita "watu wa mawingu", nao wakalizoea jina hilo.

Mwaka huo, Februari ilikuja na jua ambalo hata wazee wa soko la Ndanai walisema hawajawahi kuliona. Watu wa milima ya chai wamezoea asubuhi za baridi na mvua ya alasiri. Sasa anga ilikuwa tupu siku baada ya siku. Majani machanga ya chai yalikauka ncha yakawa ya kahawia, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Wachumaji waliingia shambani alfajiri na kutoka kabla ya saa sita. Shuleni, maji ya tangi yaligawanywa kikombe kimoja kwa kila mtoto.

Jumatatu moja Mwalimu Robert, aliyesimamia michezo, aliwafuata hadi kwenye kisanduku. Alikuwa amejifunika kichwa kwa leso.

"Hiki chombo chenu kinasema kweli?" aliuliza.

"Kinasema kweli, Mwalimu," Waringa alijibu. "Tulikilinganisha na kile cha zahanati, cha Sista Abigael. Vilisoma sawasawa."

"Basi ninawapa kazi. Kila siku saa tisa, mmoja wenu aandike joto kwenye ubao ulio nje ya ofisi. Likipita nyuzi thelathini, hakuna mazoezi ya riadha. Likiwa chini ya hapo, tunakimbia. Sitaki mtoto wa mtu aangukie mikononi mwangu."

Walifurahi sana. Mchezo wao ulikuwa umegeuka kuwa jambo la shule nzima. Walikubaliana kwenda kwa zamu.

Lakini furaha hiyo haikumaliza hata siku tatu. Jumatatu joto lilikuwa nyuzi thelathini na moja. Jumanne likawa thelathini na mbili. Jumatano, thelathini na moja tena. Mazoezi yalifutwa siku zote tatu, na aliyeumia zaidi ni Kepher mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa mkimbiaji bora wa mita elfu moja na mia tano shuleni, na mashindano ya kanda yalikuwa yamebakisha siku kumi tu.

"Kila siku hakuna mazoezi, hakuna mazoezi!" alifoka Jumatano, akikitazama kisanduku kana kwamba ni adui. "Huko Chebunyo, kwa wapinzani wetu, watoto wanakimbia kwenye jua kali kuliko hili. Mimi nitaenda kuaibishwa."

"Kipimajoto hakina ubaya na wewe," Waringa alisema. "Kinasema kilichoko."

Kepher alimgeukia Nyabate. "Kesho ni zamu yako, sivyo?"

"Ndiyo."

"Sawa. Kesho nitajua kama wewe ni rafiki yangu."

Alichukua viatu vyake, akaondoka. Nyabate na Kepher walikuwa majirani tangu wakiwa wachanga. Mama zao walichuma chai katika shamba moja. Hawakuwahi kukosana zaidi ya saa moja. Alhamisi asubuhi, Kepher alimpita njiani bila hata kumsalimu.

Saa tisa ilipofika, Nyabate alikwenda kwenye kisanduku peke yake, kwa kuwa Waringa alibaki darasani akimalizia insha. Ardhi ilichoma kupitia soli za viatu. Alifungua mlango mdogo, akainama, akasoma. Akapangusa jasho machoni, akasoma tena.

Nyuzi thelathini na tatu. Walikuwa hawajawahi kuandika namba kubwa hivyo.

Alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Aliushika mlango wa kisanduku, akimkumbuka Kepher alivyompita asubuhi kana kwamba ni mti. Kisha akafungua daftari na kuandika haraka: 29. Alikwenda kwenye ubao, akaandika namba hiyo hiyo kwa chaki.

"Ishirini na tisa! Tunakimbia!" watoto walipiga kelele.

Kepher alikuja mbio, akamshika mkono na kuuinua juu. "Nyabate! Wewe ndiye rafiki!"

Nyabate alitabasamu, kisha akautoa mkono wake.

Waringa alipotoka darasani, aliutazama ubao, kisha akatazama angani huku ameziba jua kwa kiganja. "Ishirini na tisa? Leo ni kali kuliko jana. Ngoja niangalie."

"Kwani huniamini?" Nyabate aliuliza. Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka.

Waringa alisimama. "Nakuamini," alisema taratibu, akaacha kwenda.

Kipenga kikalia. Wakimbiaji kumi na wawili walianza kuzunguka kiwanja, vumbi jekundu likipanda nyuma yao. Nyabate alisimama ukutani. Raundi ya kwanza Kepher alikuwa mbele, akicheka. Raundi ya pili aliwaacha wenzake mbali. "Sasa nitasema," Nyabate alijiambia. Kisha akawaza, "Labda hakuna kitakachotokea. Amebakisha raundi chache." Raundi ya tatu, wasichana wawili waliacha kukimbia wakaketi chini, wakihema. Mwalimu Robert aliwaambia wapumzike, akatazama ubao, akaendelea kuhesabu.

Raundi ya tano, Kepher hakuwa akicheka tena. Alipopita karibu na ukuta, Nyabate aliona jambo lililomtisha. Wenzake wote walikuwa wamelowa jasho, lakini uso wa Kepher ulikuwa mkavu. Alikimbia akipepesuka, akatoka nje ya mstari, akarudi, akatoka tena. Kisha magoti yakamkunjika akaanguka kifudifudi vumbini.

Kiwanja kizima kilimkimbilia. Kepher alikuwa amefumbua macho lakini hakumwona mtu. Mwili ulimtetemeka.

"Tumebakisha raundi ngapi?" alisema kwa sauti ya kukwama. "Mama, ngapi?"

Mzee Okeyo, mpishi wa shule, alipenya katikati ya watoto. "Anatetemeka hivi? Hii ni malaria. Mfunikeni, leteni sweta!"

"Nami naona hivyo," Mwalimu Robert alisema huku akipiga simu kumwita mwendesha bodaboda. "Joto ni ishirini na tisa tu, haliwezi kumwangusha mkimbiaji kama huyu. Lazima ameamka na homa akatuficha." Alisikiliza simu, akakunja uso. "Pikipiki iko mbali. Itafika baada ya dakika ishirini."

Sweta ya kwanza ikawekwa juu ya Kepher. Ya pili. Mtu akaleta ya tatu.

"Mwalimu," Nyabate alisema. Hakuna aliyemsikia. Alihisi macho ya Waringa yakimtazama. Alijua akisema, shule nzima itajua yeye ni mwongo, na mama yake atajua. Lakini Kepher alikuwa anafunikwa.

"Ni uongo!" alipiga kelele. "Mwalimu, ni thelathini na tatu! Nimeona kwa macho yangu nikaandika uongo. Mtoeni sweta, si malaria, ni jua!"

Mwalimu Robert alimkodolea macho, kisha akapiga goti na kuweka kiganja shingoni mwa Kepher. Akakiondoa upesi. Ngozi ilikuwa kavu, yenye moto kama kikaango.

"Ondoeni hizi sweta!" alisema. "Mbebeni, mpelekeni kivulini. Mvueni viatu. Maji, haraka!"

Bomba la tangi lilitoa matone tu. Mzee Okeyo alisita. "Mwalimu, kuna yale ya ndoo, ya watoto kunywa kesho..."

"Hayo hayo, Mzee. Kesho tutajua ya kesho."

Walimmwagia Kepher maji kichwani, shingoni na kwapani. Watoto waliokuwa wamebakisha maji katika vikombe vyao waliyaleta bila kuambiwa. Nyabate na Waringa walimpepea kwa vipande vya katoni mpaka mikono ikawauma. Pikipiki ilipofika, Mwalimu alikaa nyuma akamshikilia Kepher, fulana yake ikidondosha maji, wakaondoka.

Zahanati ilikuwa kilomita mbili. Nyabate na Waringa waliifuata barabara kwa miguu, katikati ya mashamba ya chai yaliyonyamaza kwa joto. Njia nzima Waringa alitembea hatua chache mbele, na Nyabate hakuthubutu kumfikia.

Walimkuta Mama Yunia, mama yake Kepher, aliyeitwa kwa simu, kwenye benchi la nje pamoja na Mwalimu Robert. Alikuwa bado na aproni ya plastiki ya kuchumia chai aliyoivaa tangu alfajiri. Mlango ulifunguliwa, Sista Abigael akatoka akikausha mikono.

"Joto la mwili wake lilikuwa limefika arobaini na moja," alisema. "Limeanza kushuka. Ameniambia jina lake, na anaomba maji ya kunywa. Atapona." Kisha akamgeukia Mwalimu Robert. "Ni nani aliyewaambia mmpoze kwa maji?"

"Huyu msichana ndiye aliyetuambia kwamba ni jua. Sisi tulikuwa tunamfunika."

Sista alitikisa kichwa. "Mngemwacha na zile sweta mpaka pikipiki ifike, singekuwa na habari njema ya kuwapa."

Mama Yunia alimshika Nyabate mikono. "Asante, binti yangu."

Neno hilo lilimchoma Nyabate kuliko kofi. Alivuta mikono yake. "Usinishukuru, Mama. Mimi ndiye niliyeandika uongo ubaoni. Nilijua kuna joto, na nikamwacha akimbie."

Mama Yunia alimtazama usoni. "Ulimchukia mwanangu?"

"Hapana, Mama. Alikuwa amenikasirikia. Nilitaka afurahi."

Mama Yunia aliinuka akaingia ndani kwa mtoto wake.

Ijumaa, mbele ya wanafunzi wote gwarideni, Nyabate alieleza alichokifanya. Hakuacha jambo. Alipomaliza, Mwalimu Robert alisimama kando yake.

"Nami nina kosa," alisema. "Jua lilikuwa linanichoma kichwa, wasichana wawili wakaketi chini mbele yangu, na bado niliamini ubao kuliko macho yangu. Kuanzia leo mazoezi yatakuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukiwa bado na baridi. Na anayesikia kizunguzungu aseme. Kusema si woga."

Katika daftari, Nyabate alipiga mstari juu ya 29, akaandika 33 na jina lake kando. Waringa alimtazama akiandika.

"Jana uliniuliza kama sikuamini," Waringa alisema. "Leo nakwambia kweli, sikuamini. Lakini nitakuwa nakuja nawe hapa kila siku mpaka nikuamini tena."

Nyabate aliitikia kwa kichwa. Ilimuuma, lakini aliona ni haki.

Sista Abigael alimkataza Kepher kukimbia kwa majuma mawili. Mashindano ya kanda yakafanyika bila yeye. Siku hiyo, timu ilipokwenda, Nyabate na Waringa hawakwenda kushangilia. Walikwenda kukaa na Kepher nyumbani kwao. Walimkuta ameketi mlangoni, amenuna.

"Siwalaumu," alisema baadaye, akiwa ameinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemsukuma Nyabate. Lakini leo inaniuma sana."

Mama Yunia alileta vikombe vya uji, akaketi nao.

"Nyabate," alisema, "siku ile sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira haina maneno mazuri. Sasa nisikilizeni nyote watatu. Wazee walisema, mficha maradhi, kifo humfichua. Uongo wako ulimpa mwanangu furaha ya dakika chache, ukakaribia kumchukua. Ukweli wako ulikuja umechelewa, tena ulikutia aibu, lakini ndio uliomrudisha kwangu. Usingoje tena mpaka mtu aanguke. Ukimpenda rafiki, mwambie jua ni kali, hata kama atakununia wiki nzima. Kununa huisha. Mtoto akiisha, harudi."

Kepher akasogea ili Nyabate apate nafasi ya kukaa kando yake kivulini, akampa kikombe cha uji.