Pawa saplai nzito ya Bwera

Rafiki yangu Masereka wa Muhokya alijiundia kompyuta ili atunze rekodi pekee ya marehemu mkewe, Gorret, akiimba. Nilimwambia kwamba kabla ya kununua pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, asome kwanza wati zake, yaani nguvu zake. Kichwa ngumu! Kule sokoni Bwera muuzaji alimpa pawa saplai kuukuu: "Shika, muzee. Iko nzito, iko muzuri." Akanunua uzito.

Jumapili jioni umeme ulicheza-cheza, ukakatika. Diski ya kompyuta ikaungua, na sauti ya Gorret ikaenda nayo. Akanipigia simu gizani, akilia.

"Feni ya pawa saplai inazunguka bado."

"Chomoa waya, mjinga wewe!"

"Nimechomoa."

"Basi fungua boksi la hiyo pawa saplai!"

Nikasikia bisibisi ikifungua skrubu.

"Ndani iko saruji tu," akanong'ona. "Hakuna waya hata moja."

Nyuma yake, kwenye simu, nilisikia feni bado inavuma.