Alichorekodi Obwocha

Walikutana Daraja Mbili, mjini Kisii, siku ya soko, na kilichowakutanisha ni tope. Mokeira alikuwa ametoka Nyamira kununua vitambaa vya kwaya, amevaa rinda la kijani na viatu vyeupe vya kanisani. Pikipiki ikapita kwenye dimbwi, ikamchafua mpaka kifuani. Basi alimfokea yule mwendeshaji hadi wauza ndizi wakageuka. Kijana mmoja mrefu, mwenye shati la drafti, badala ya kumpa pole alimwomba arudie.

"Nirudie nini?"

"Hayo matusi, dada. Nina studio hapo juu. Sijawahi kusikia mtu akitukana kwa sauti tamu hivyo."

Mokeira alikusudia kumpa na yeye yake, akajikuta anacheka. Alipanda studio kunawa tope, akashuka jioni.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbolea, kimegawanywa kwa ukuta wa mbao wenye kidirisha cha kioo. Mwimbaji upande huu, Obwocha, yule kijana, na kompyuta yake upande ule. Mokeira ni karani, na karani huuliza. Mbona mashine moja ina njia mbili za sauti? Obwocha akaeleza kwa raha ya mtu aliyengoja miaka mingi kuulizwa. Njia ya madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ilikuja na kompyuta. Hapo amechomeka kimaiki cha bei rahisi kinachokaa mezani, cha kusomea matangazo ya mazishi yanayozungushwa vijijini na gari la vipaza sauti. Kadi ya sauti ya kitaalamu aliinunua mwenyewe, na maiki kubwa ya kule kwa mwimbaji imeunganishwa nayo.

"Ya madabodi ni ya marehemu," alisema. "Ya kadi ni yako, mrembo."

Wakapendana, tena sana. Kila siku ya kazi, saa ya chakula cha mchana, Mokeira alipiga simu kutoka Nyamira. Obwocha alimwomba aimbe kidogo, yeye akakataa, akamwambia aache ujinga, halafu akaimba.

Kisha uvimbe ukaota shingoni. Daktari hakumficha: lazima utolewe, na mshipa unaoendesha sauti umepita papo hapo. Angeweza kuamka bila sauti. Mbele ya daktari Mokeira hakulia. Alilia kwa Obwocha. Alimwambia kufa hakumtishi sana; kinachomtisha ni kuzaa watoto ambao hawatajua mama yao aliimbaje.

"Njoo tuzirekodi nyimbo zako zote," Obwocha akasema. "Kabla hawajakugusa."

Akaja, kitenge kizuri, kilemba kichwani, kama anaenda harusini. Aliimba mchana kutwa nyimbo zote alizozijua, za kwaya na zile za bibi yake. Nyuma ya kioo Obwocha alikuwa na hedifoni masikioni na macho mekundu, akimwinulia dole gumba.

Alipoamka hospitalini, sauti haikuwapo. Kilichotoka kooni kilikuwa mkwaruzo wa bati linaloburutwa kwenye kokoto. Obwocha alikuja mara moja na machungwa, akamshika mkono, akaahidi kuleta nyimbo. Hakurudi. Mokeira alipiga simu. Walikuwa wamekubaliana agonge simu kwa ukucha, Obwocha azungumze kwa niaba ya wote wawili. Mwanzoni alipokea, akasema "nakuja, mpenzi," akakata. Baadaye hakupokea kabisa. Meseji zilijibiwa kwa maneno yale yale: bado nazitengeneza.

Wewe ungewaza nini? Mokeira aliwaza hivyo hivyo. Mwanamume alipenda sauti, sauti imekwenda, na yeye amekwenda. Mama yake, Jacinta, alimwambia amsahau mtu huyo. Alijaribu. Iliuma kuliko kisu cha daktari, na kwa maumivu hayo hakuna aliyempa dawa.

Asubuhi moja alijifunga skafu juu ya kovu, akaenda Kisii. Alimkuta Obwocha peke yake, amekonda. Aliandika kwenye simu, akamwekea mbele ya uso: "Sema tu hunitaki. Nipe nyimbo zangu niende."

Obwocha alikaa chini kwanza ndipo akaweza kusema. Asubuhi ya siku ile ya kurekodi, familia moja ya Ogembo ilimjia mbio na tangazo la mazishi, akaiweka kompyuta isikilize njia ya madabodi. Mokeira alipoingia, alisahau kuirudisha kwenye kadi. Sauti yake ilipita kwenye kadi, ikatoka moja kwa moja kwenye hedifoni, safi kabisa, na mistari ya sauti ikacheza kwenye skrini. Angeshuku nini? Lakini kompyuta ilikuwa inasikiliza kile kimaiki cha mezani.

"Sikufungua hata wimbo mmoja kuhakikisha," alisema. "Niliogopa kuusikia wewe ukiwa bado hospitalini. Nilipofungua, wewe ulikuwa umeshapasuliwa."

Mokeira akaandika: "Kuna nini humo?"

Akamfungulia wimbo wa kwanza. Feni ya kompyuta ilivuma. Mbali, nyuma ya mbao, mtu aliimba, maneno hayashikiki. Karibu kabisa alikuwa Obwocha, akihema, akivuta kamasi, akiomba chini kwa chini: "Mungu, chukua masikio yangu. Mwachie sauti." Wimbo uliofuata, maombi yale yale. Na uliofuata.

Mokeira alilia. Asikudanganye mtu kwamba alilia kwa mapenzi. Alizililia nyimbo zake. Kisha hasira ikampanda. Akaandika, akafuta, akaandika tena, na simu ilikuwa polepole mno kwa hasira hiyo. Akafungua mdomo, yeye ambaye tangu hospitalini alimruhusu mama yake tu amsikie.

"Ungeniambia," alisema, nusu sauti, nusu pumzi. "Tungezililia pamoja. Umeniacha nikidhani ni mimi. Nimejiona kitu cha kutupwa, Obwocha."

Obwocha alipiga magoti. Aliomba msamaha, akasema wiki hii hii atatuma wazee wakaposa kwa mama yake. Mokeira akamjibu kwamba leo hataki kusikia habari za wazee. Akaona mkono wa Obwocha unanyemelea kompyuta, anairudisha kwenye kadi, na mkono wa pili unavuta maiki kubwa upande wake. Hata sauti hii, Obwocha alisema, hataki kuipoteza.

Mokeira alimshika kifundo cha mkono.

"Usirekodi. Sikiliza."

Obwocha akaizima kompyuta. Mokeira akaanza na asubuhi aliyoamka na mpira puani, akamwita nesi, nesi asigeuke. Kila sentensi ilitoka imepungua kuliko iliyotangulia. Kabla hajafika siku ambayo simu zake ziliacha kupokewa, sauti ikakatika kabisa. Midomo yake iliendelea kusema, na Obwocha, bado yuko magotini, akaendelea kuitazama.