Shahidi Mwenye Wivu

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi moja: kumtungia mama uzi kwenye sindano ya cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa kushona, na macho yake yalikuwa yamechoka. Macho ya Chiriku yalikuwa makali. Yaliona tundu la sindano, na yaliona pia kila kitu cha watu. Jina hilo la Chiriku alipewa na majirani, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

Kisha cherehani ikaibwa. Wezi walivunja kufuli la kibanda cha mama wakaondoka nayo. Mama akaenda kituo cha polisi. Askari wa zamu akamwambia, "Nenda nyumbani, mama, tutakuja." Hakuja mtu. Aliporudi akaambiwa gari halina mafuta, na safari nyingine hakuulizwa hata shida yake. Ikabidi ashone kwa mkono hadi vidole vikavimba, huku wateja wakija kuchukua vitambaa vyao mmoja mmoja.

Mtaa mzima ulikasirika. Mwenye bucha, mtu wa sauti nzito, alisema kila asubuhi huku akikata nyama, "Polisi hawana habari na sisi. Tukimjua tu huyo mwizi, tutamalizana naye wenyewe!"

"Kabisa!" wateja wakaitikia.

Sasa, katika siku hizohizo, si ndipo Tausi akavaa viatu vipya!

Tausi alikuwa rafiki yake Chiriku, na nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Viatu vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vinang'aa mpaka unajiona. Alinunuliwa na kaka yake, fundi wa redio, pasi na feni. Haikupita wiki, kaka huyohuyo akamnunulia na mkoba. Chiriku alitazama vyake vilivyoachama mbele, roho ikamuuma.

"Vimenikaa vizuri, eh?" Tausi akauliza.

"Si vibaya," Chiriku akajibu, na hasira zikamjaa puani. Kwa nini yeye? Yeye ana kaka, mimi sina. Sisi tunaibiwa, wao wananunua! Darasani alikuwa hasikii mwalimu anasema nini, anaangalia chini ya dawati la mwenzake.

Alasiri moja mama alimtuma akaazime pasi kwa kina Tausi. Juu ya meza ya kaka, katikati ya nyaya na skrubu, palikuwa na cherehani iliyofunguliwa, ya mteja wake. Ilikuwa ya kijani. Ya mama ilikuwa nyeusi, na Chiriku alijua hivyo kama anavyolijua jina lake.

Tausi alikuwa ameketi chini anapaka viatu rangi. "We, angalia usinikanyagie viatu vyangu," akasema.

Basi, maneno hayo tu! Chiriku akatoka bila pasi. Alipofika mbele ya bucha, mdomo ukamtangulia.

"Cherehani yetu iko kwa kina Tausi."

Mwenye bucha akaweka kisu chini. "Una hakika, mtoto?"

Hapo bado angeweza kujirudi. Lakini mafundi wa kushona hufunga kitambaa kwenye mkono wa cherehani, cha kuchomekea pini, na cha mama kilikuwa cha zambarau. Hakuna ambaye hakuwahi kukiona. "Nimeiona na kitambaa cha pini," Chiriku akasema. "Kilekile cha zambarau."

Nani angemtilia shaka? Yeye alidhani watu watamgombeza yule kaka, na pengine viatu virudishwe dukani. Maskini, hakuwajua watu.

"Mwizi! Mwizi!" Kelele zikapanda. Watu wakatoka kila mlango, wengine na fimbo, wengine na mawe. Kaka yake Tausi akaburutwa nje akiwa bado na bisibisi mkononi, na ile cherehani ikatolewa nyuma yake. Ngumi ya kwanza ikampasua juu ya jicho. Kijana mmoja akaja anabiringisha tairi kuukuu, na kila mtu alijua ni la nini.

Mama yake Chiriku akaja mbio, akajipenyeza hadi katikati. "Acheni! Hii ya kijani si yangu! Na kitambaa changu kiko wapi?"

"Amekitoa!" mwenye bucha akapaza sauti. "Na rangi amebadilisha! Wewe mama una huruma sana. Mwanao mwenyewe ameiona!"

Tausi alikuwa amemng'ang'ania kaka yake mguu, analia, yuko pekupeku. Chiriku alimwona. Kumbe sasa ukweli wa mama haukutosha. Uliotakiwa ulikuwa wake.

"Nimesema uongo!" akapiga kelele. Hawakusikia. Akapanda juu ya lile tairi, akapiga kelele hadi sauti ikakwaruza. "Nimesema uongo mimi! Sikuona kitambaa! Nilimwonea wivu Tausi!"

Mawe yakaanza kudondoka. Mwenye bucha akajifuta jasho, akaangalia kwingine.

Mama hakumgusa Chiriku. Aliwageukia watu. "Nilipokwenda kituoni, nilikwenda peke yangu. Kila mmoja wenu alikuwa na kazi. Leo wote mmepata nafasi? Haya, kesho asubuhi nipeni nafasi hiyohiyo."

Kesho yake wakaenda, mwenye bucha mbele. Walijaa kwenye benchi, sakafuni na ngazini, mpaka mkuu wa kituo akatoka mwenyewe kuuliza kulikoni. Kabla ya jua kuzama, askari waliikuta cherehani kwenye duka la vitu vilivyotumika, na mwenye duka akamtaja aliyemuuzia. Hakuwa mtu wa mtaa ule kabisa.

Jioni mama na Chiriku walikwenda kwa kina Tausi. Jicho la kaka lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

"Nisamehe, kaka," Chiriku akasema.

"Nimekusikia," kaka akajibu. Tausi alimpa mgongo.

Walipotoka nje Chiriku akaangua kilio. "Mama, hata hakunitazama."

"Atakutazama akiwa tayari. Usimharakishe," mama akasema. "Lakini nisikilize, mwanangu. Hukusema uongo kwa ajili ya cherehani yangu. Ulisema kwa ajili ya viatu vya mwenzako, na hasira ya watu ukaigeuza fimbo yako."

"Lakini mama, polisi nao si walitupuuza?"

"Walitupuuza, na nina hasira nao mpaka sasa. Ila tulirudi kituoni, wakarekebisha. Kaka yake Tausi angekufa jana, tungerudi kwa nani?"