Tangi Lililonyamaza

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimpelekea mjomba wake chai kwenye tangi la majitaka. Jina hilo alipewa kwa sababu ya domo lake lisilopumzika. Majitaka ya mtaa mzima yaliingia tangini, yakachujwa na bwawa la matete, ndipo yakateremka mtoni yakiwa safi. Mjomba, mtunzaji wa tangi, aliinama kutazama mapovu yakipanda. "Wafanyakazi wangu wameamka," alizoea kutania. Alikuwa na maana ya vijidudu visivyoonekana, vinavyokula uchafu.

Lakini tangi lilinuka, na wenzake darasani waliziba pua kila Chiriku alipopita. Siku moja uvumilivu ulimwishia. Alichukua dumu la dawa ya madoa la mama yake, aliyekuwa dobi, akalimwaga lote tangini. Kwa muda harufu ilikata, naye akajiona bingwa.

Mapovu nayo yakakoma. Baada ya siku chache maji yalitoka meusi, matete yakanyauka, na mtoni samaki wakaelea tumbo juu. Mjomba alikagua kila bomba asione kosa. Kamati ya mtaa ikasema amezembea, na kazi atapewa mwingine.

Chiriku alimtazama mjomba wake akikusanya koleo na buti zake, roho ikimuuma. Alitaka kusema, lakini ulimi ulikuwa mzito. Chiriku mzima, hana neno! Mwishowe alimshika mkono.

"Mjomba, ni mimi. Nilimwaga dawa ya madoa. Dumu zima."

Mjomba aliketi kwenye ukingo wa tangi, akayakodolea macho maji meusi. Chiriku aliona ni heri angemchapa.

"Umewaua wafanyakazi wangu wote," alisema hatimaye.

"Sasa tufanyeje?"

"Nafunga lango la mtoni, maji yaende shimo la akiba. Tutaomba tope hai, lenye wafanyakazi wapya, kwenye tangi la mtaa wa jirani. Halafu tungoje."

"Mpaka lini?"

"Hilo si letu kuamua, mwanangu."

Chiriku alirudia maneno yake mbele ya kamati huku akilia, na mjomba akarudishiwa kazi. Tope likaletwa, likamwagwa tangini. Kila asubuhi wawili hao waliinama juu ya maji yaliyokufa, wasiwe na la kufanya. Chiriku alikata tamaa mara nyingi kuliko alizokiri.

Asubuhi moja povu moja likapanda, dogo kama punje ya mtama. Kisha la pili. Chiriku alicheka, lakini macho yake yakaenda mtoni, ambako hakuna kilichoruka majini.

"Na samaki je, mjomba?"

"Hao hawarudi. Pengine watakuja wengine." Mjomba alimwekea mkono begani. "Ungeniambia siku ile ile, ningefunga lango, nao wangekuwa hai. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Safari hii kimewachukua wasio na kosa."